Kuhamisha pioni, airisi na hosta kabla ya baridi: nianze lini, na zipi nisiziguse?

Mama_Uwani (St. Paul, Minnesota)

Habari zenu wakuu. Upande wa kusini wa nyumba nina tuta la maua yanayorudi kila mwaka. Wiki ya pili ya Oktoba mafundi wanakuja kuchimba msingi wa uzio mpya, na unapita katikati ya tuta hilo hilo, kwa hiyo kila kilichopo pale kiwe kimeshaondoka. Sasa hivi ni katikati ya Agosti.

Vilivyopo: pioni mbili kubwa za zamani (mashina hufa kabisa kila baridi, kisha huchipua upya), airisi zenye ndevu zilizosongamana hadi katikati hazitoi maua tena, deilili za rangi ya chungwa, floksi ndefu yenye unga mweupe kwenye majani, hosta nne penye kivuli, baptisia moja kubwa ya maua ya buluu, na nyasi ndefu za mapambo aina ya miskanthasi, ambazo ndiyo kwanza zinataka kutoa mashuke.

Tuta jipya litakuwa nyuma ya nyumba. Jua lipo kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, isipokuwa sehemu iliyo chini ya mti. Udongo ni mfinyanzi mzito. Naomba kujua nianze na ipi, nichimbe kwa kina gani, majani niyakate au niyaache, na kama kuna ambazo hazitavumilia kuhamishwa sasa.

Mzizi_Mrefu (Minneapolis)

Dada, umeuliza kwa wakati mzuri. Tuanze na tarehe.

Wengi huhesabu kurudi nyuma kutoka sakitu ya kwanza (umande unaoganda juu ya majani), ambayo hapa kwetu huja mara nyingi kati ya mwanzo na katikati ya Oktoba. Mimi nakushauri uhesabu kutoka siku ardhi yenyewe itakapoganda. Mizizi huendelea kukua muda mrefu baada ya sakitu kuunguza majani. Hupunguza kasi hadi karibu kusimama udongo ukifika nyuzi 4 au 5 za Selsiasi. Huku ardhi huanza kuganda sawasawa kuelekea mwisho wa Novemba au mwanzo wa Desemba. Mmea uliohamishwa unataka wiki sita, na zikiwa nane ni bora zaidi, za udongo ambao bado una joto. Ndiyo maana msimu huu unafaa: hewa inapoa na majani hayapotezi maji mengi, huku chini udongo bado umeshika joto la kiangazi.

Kwa mimea yako utaratibu uwe hivi. Airisi anza nazo wiki hii. Deilili, hosta na floksi zifuate kuanzia wiki ya mwisho ya Agosti hadi katikati ya Septemba. Pioni ziache mpaka nusu ya pili ya Septemba. Miskanthasi na baptisia nitazisemea mwisho, maana hizo ndizo zenye taabu.

Kabla ya kung'oa chochote, andaa tuta jipya kwanza. Hapa ndipo watu hukosea kuliko mahali pengine popote: mmea unatolewa, halafu unakaa kwenye toroli nusu siku huku mashimo yakichimbwa. Mizizi myembamba kabisa, ile inayonyonya maji, ikikauka haifufuki.

Kwenye mfinyanzi, tandaza mboji sentimita 5 hadi 8 juu ya tuta zima, kisha ichanganye na udongo kwa uma wa bustani hadi kina cha sentimita 25 au 30. Tuta zima, siyo mashimo peke yake. Shimo la mfinyanzi lililojazwa mboji tupu hukusanya maji yote ya jirani, maji yanatuama, na mizizi inaoza kabla theluji haijaanguka. Na usiuguse mfinyanzi ukiwa umelowa. Chukua konzi moja, ifinye, kisha iguse kwa kidole. Ikimeguka, chimba. Ikibaki donge linaloteleza, ngoja siku mbili. Kuta za shimo ukiziona zinang'aa kwa sababu ya beleshi, zikwaruze kwa meno ya uma ili mizizi ipate pa kupenya.

Siku moja kabla ya kuchimba, mwagilia mimea yote vizuri. Hamisha jioni au siku ya mawingu. Zungushia beleshi sentimita 20 hadi 30 kutoka kwenye mashina, ukilikita wima, ndipo uinue kutoka chini. Weka kwenye turubai kivulini na funika kwa gunia lililoloweshwa.

Sasa pioni. Mwaka utakaokosea hapa, hasara yake utaiona kwa miaka kadhaa, kwa hiyo nitakaa nazo kidogo.

Kata mashina yabaki sentimita 10 ili uwe na pa kushikia na ujue juu ni wapi. Chimba mduara wa sentimita 30 kutoka kwenye mashina, kina cha sentimita 40 hivi. Mizizi ya pioni ni minene na hukatika kwa urahisi, basi usivute kwa mashina. Tia uma chini pande zote mpaka donge zima lilegee. Likishatoka, lioshe kwa mpira wa maji mpaka uyaone macho: machipukizi mekundu au ya waridi, yamenona, yamejipanga pale mizizi inapokutana na mashina. Hayo ndiyo maua ya mwakani. Liache kivulini saa mbili au tatu. Mizizi italegea kidogo na haitavunjika ovyo ukiigawa.

Gawa kwa kisu kikali au msumeno mdogo, kila kipande kiwe na macho 3 hadi 5 na mizizi kadhaa yenye afya. Kipande chenye jicho moja hakifi, ila utangoja maua muda mrefu sana. Mizizi mirefu ipunguze hadi sentimita 15. Penye uozo mweusi kata mpaka ufike kwenye nyama nyeupe. Ukiona vinundu vikubwa vyenye magamba, kama mafundo yasiyo na umbo, kwenye mizizi au shingo, hiyo ni saratani ya bakteria. Kipande hicho kitupe kwenye taka, kisiende kwenye mboji.

Kina ndicho kila kitu. Macho yafunikwe kwa udongo sentimita 3 hadi 5, basi. Yakizidi sentimita 5 utapata majani mazuri bila ua hata moja, na watu huishia kulaumu mbolea. Shida ni kwamba udongo uliochimbuliwa hushuka. Kwa hiyo rudisha udongo nusu shimo, ushindilie kwa mikono, mwaga maji, acha yazame, ongeza udongo, ndipo uweke kipande. Laza mpini wa jembe juu ya shimo kutoka ukingo mmoja hadi mwingine na upime kwa rula kutoka kwenye mpini hadi kwenye jicho la juu kabisa. Baada ya kufukia na kumwagilia, pima tena. Nafasi kati ya pioni na pioni iwe sentimita 90, na jua si chini ya saa sita kwa siku.

Usishangae zisipochanua mwakani. Pioni iliyogawanywa kwa kawaida huchukua miaka 2 au 3 kurudi kwenye uwezo wake.

Shamba_la_Nyuma (Rochester, Minnesota)

Mzizi_Mrefu kasema vizuri kuhusu pioni. Naongeza jambo moja: hakikisha ni pioni za majani, siyo pioni za miti. Dada amesema mashina hufa hadi chini kila baridi, basi hizi ni za majani na vipimo vile vinazihusu. Pioni ya mti ina mashina magumu kama ya mti yanayobaki wima wakati wa theluji, na mara nyingi imepandikizwa juu ya mzizi wa pioni nyingine. Hiyo huzikwa kwa kina, pale ilipoungwa pakae sentimita 10 hadi 15 chini ya udongo, ili itoe mizizi yake yenyewe. Ukibadilisha vipimo vya moja ukavitumia kwa nyingine, zote mbili zitakusumbua.

Airisi. Inua fungu zima kwa uma. Utaona matunguu yamepandana, yanafanana kabisa na tangawizi. Yale ya katikati, makavu, yasiyo na majani, yametimiza kazi yake. Hayatachanua tena, tupa. Unayoyataka ni ya pembeni, manene, magumu ukiyabonyeza, kila moja likiwa na shada la majani na mizizi chini yake.

Bonyeza kila tunguu kwa kidole gumba. Likiwa laini na linanuka vibaya, limeoza. Likiwa na tundu na unga wa kahawia, kuna kiwavi ndani: wa rangi ya waridi hafifu, kichwa cha kahawia, anaweza kufika sentimita 4. Huyu ndiye adui mkuu wa airisi upande huu wa Marekani, na uozo huingia kupitia njia aliyoichimba. Kata sehemu mbovu yote mpaka ubaki na nyama nyeupe; kama hakuna kinachobaki, tupa. Baada ya kila fungu, osha kisu kwa dawa ya kufulia ya klorini, sehemu moja kwa maji sehemu tisa.

Majani ya airisi yakate, ndiyo. Yabaki sentimita 15. Mizizi imepungua, haiwezi kuyalisha majani marefu, na pia upepo ukiyapiga hung'oa tunguu ambalo halijashika. Sehemu zilizokatwa ziache zikauke kivulini kwa siku moja au mbili kabla ya kupanda. Airisi inavumilia hilo, wala usiogope.

Kupanda: chimba shimo la kina kidogo, tengeneza kituta katikati, kaza tunguu juu ya kituta, mizizi ishuke pande mbili, kisha fukia mizizi tu. Mgongo wa tunguu uonekane, au ufunikwe na udongo usiozidi sentimita 1. Unahitaji kuota jua. Kwa mfinyanzi wako, ningeinua tuta zima sentimita 10 hadi 15 juu ya uwanja ili maji yasituame. Nafasi sentimita 30 hadi 45. Tunguu hukua kuelekea upande wenye majani, kwa hiyo yaelekeze nje; ukiyaelekeza ndani yatagongana mapema.

Mwezi wa kumi na moja okota majani yote makavu ya airisi uyatoe uwanjani. Nondo wa yule kiwavi hutaga mayai juu yake, na mayai hukaa hapo baridi yote.

Haya yote ni kwa airisi zenye ndevu. Ukikuta zenye majani membamba kama nyasi, bila tunguu nene, huenda ni za Siberia. Hizo zifukie sentimita 3 hadi 5 na usiziache zikauke hata kidogo.

Mzizi_Mrefu (Minneapolis)

Asante ndugu. Naendelea na zilizobaki.

Deilili ndizo rahisi kuliko zote. Kata majani yabaki sentimita 15 hadi 20, inua fungu, na kama limekazana tumia uma mbili: zikite katikati ya fungu zikiwa zimepeana migongo, kisha sukuma mipini mbali na mbali. Zitaachana bila kukata mizizi mingi. Kila kipande kiwe na mashada 2 hadi 4. Shingo, yaani pale majani yanapogeuka kuwa meupe, ikae sentimita 2 hivi chini ya udongo. Ila hiyo ya rangi ya chungwa ya kawaida inatambaa chini kwa chini na itameza jirani zake, kwa hiyo itafutie kona yake peke yake. Na kipande cha mzizi utakachokisahau kwenye tuta la zamani kitachipua chini ya uzio.

Hosta: usikate majani. Ndiyo yanayotengeneza akiba ya mizizi mipya, na kwa kuwa inakwenda kivulini haitapoteza maji mengi. Yaliyovunjika tu ndiyo uyaondoe. Panda kwa kina kile kile ilichokuwa nacho. Chini ya mti udongo huwa mkavu kuliko unavyodhani, kwa sababu mizizi ya mti inanyonya kwanza. Hosta hizo zimwagilie mara mbili ya wenzake. Na kama jani lolote lina michirizi au madoa ya rangi yanayofuata mishipa, kama wino uliovuja, usiigawe hosta hiyo. Hosta ina virusi vinavyosambazwa na utomvu kwenye kisu, na havina dawa. Osha kisu kati ya hosta na hosta hata kama zote zinaonekana nzima.

Floksi: kata mashina yabaki sentimita 15 hadi 20, utoe uwanjani majani yenye ukungu. Inua, tupa sehemu ya katikati yenye mashina makavu, chukua vipande vya pembeni vyenye machipukizi 3 hadi 5. Ule unga mweupe unaletwa na hewa isiyopita; wape nafasi ya sentimita 45 hadi 60 na usiwaweke kwenye ukuta. Mwakani, mashina yakifika urefu wa kiganja, punguza ubakize matano au sita kwa kila shina mama. Maji mwagilia chini, siyo juu ya majani.

Miskanthasi isihamishwe sasa ukiweza kuepuka. Nyasi zinazoamka na joto na kutoa mashuke mwisho wa kiangazi hutengeneza mizizi yake mipya masika. Ukiigawa Septemba hapa Minnesota, inaingia kwenye baridi na mizizi iliyokatwa isiyopona, na aghalabu haiamki. Ngoja masika, machipukizi yakiwa ndiyo kwanza yanajitokeza. Asta za vuli, krisanthemamu na lavenda nazo ningezihamisha masika kwa sababu hiyo hiyo.

Baptisia ina mizizi inayoshuka chini sana, na shina la zamani ni zito kuliko unavyotarajia. Kila unapoikata unaipunguzia akiba. Kama ni kubwa mno, ni busara zaidi kuchuma maganda ya mbegu yakishakuwa meusi na kuanza upya, ingawa itachukua miaka 3 au zaidi kuona maua.

Mama_Uwani (St. Paul, Minnesota)

Asanteni sana, nimeandika kila kitu. Yamebaki mawili. Hiyo miskanthasi na baptisia haziwezi kubaki, maana uzio unapita juu yake kabisa. Na tuta jipya huenda lisiwe tayari lote kufikia Septemba. Nusu yake ndiyo itakuwa imeandaliwa. Hosta na deilili nizihifadhije? Kwenye vyungu inawezekana?

Shamba_la_Nyuma (Rochester, Minnesota)

Dada, kwa miskanthasi usiigawe. Hilo ndilo linaloiua zaidi. Funga majani yote kwa kamba ili yasikusumbue, kisha ihamishe nzima na donge kubwa la udongo uwezavyo kubeba, mwanzoni mwa Septemba, siyo mwishoni. Majani usiyakate mpaka masika; yanakinga shingo. Donge la upana wa sentimita 50 linaweza kuhitaji watu wawili na turubai la kulikokotea. Utaigawa baada ya mwaka, masika.

Baptisia vivyo hivyo, ila chimba kwenda chini zaidi ya upana, angalau sentimita 45. Kata mashina yabaki sentimita 15. Itakaa kimya mwaka mzima, pengine miwili, ikijenga mizizi. Ukiona machipukizi machache masika, usiifukue kuangalia kuna nini chini.

Kabla ya kuchimba kina kama hicho karibu na nyumba, piga simu namba 811 siku chache kabla. Ni bure, na watakuja kuweka alama panapopita nyaya na mabomba. Mafundi wa uzio watapiga kwa kazi yao, lakini wewe unachimba kabla yao.

Kuhusu kuhifadhi: chungu kilichosimama juu ya ardhi baridi ya Minnesota ni hatari. Ardhini, mizizi inakingwa na udongo wote unaoizunguka; kwenye chungu, baridi inaingia kutoka pande zote na mizizi hufika karibu na baridi ya hewa yenyewe. Ukitumia vyungu, vizike mpaka ukingoni, mahali pasipotuama maji, na juu yake tandaza nyasi kavu.

Rahisi zaidi ni kuchimba mfereji wa muda. Sehemu yoyote ya bustani ya mboga iliyoshavunwa inafaa. Chimba mfereji wa kina cha sentimita 25, panga mimea ikigusana, kwa kina kile kile ilichokuwa nacho, fukia, mwagilia, weka vibao vya majina. Itakaa hapo baridi yote na utaihamisha Aprili au Mei udongo ukikauka vya kutosha kuchimbika. Deilili na hosta hazitajali. Pioni usiziweke hapo. Zinapasa kuhamishwa mara moja tu, kwa hiyo nusu iliyo tayari ya tuta jipya iwe yao na ya airisi.

Jambo lingine ambalo watu wa huku tunalipuuza: minyoo warukao. Udongo wa tuta la zamani ukiuona umelegea, mweusi, chembechembe tupu juu, na mnyoo ukimgusa anajipindapinda kwa nguvu kama nyoka, basi wapo. Minyoo waliokomaa hufa kwa sakitu lakini mayai yao hukaa udongoni hadi masika. Wakiwepo, osha mizizi yote mpaka isiwe na udongo kabla ya kuipeleka tuta jipya, na usimgawie jirani mmea wenye donge la udongo. Mizizi mitupu haina tabu kwa pioni, airisi, deilili na hosta ilimradi haikauki. Miskanthasi yenye donge zima hapo itabidi uiache.

Kijani_KY (Louisville, Kentucky)

Kwa wasomaji walio kusini zaidi: tarehe za Minnesota msizichukue kama zilivyo. Hapa Agosti bado joto linafika nyuzi 32 na zaidi, na hosta au floksi iliyogawanywa kwenye joto hilo inanyauka mchana kutwa hata ukiimwagilia. Sisi tunaanza katikati ya Septemba na tunaweza kuendelea Oktoba yote, pioni hata mwanzo wa Novemba. Airisi tu ndizo hazijali joto la Agosti.

Mbolea vipi? Naona wengi wanatia mbolea ya chumvichumvi shimoni wakidhani wanausaidia mmea. Naitrojeni vuli inauamsha mmea utoe majani laini ambayo sakitu ya kwanza itayaunguza, na akiba iliyotumika haikurudi. Mboji ile iliyochanganywa tutani inatosha. Unga wa mifupa nao huwaita mbwa na rakuni wakafukua ulichopanda jana.

Mzizi_Mrefu (Minneapolis)

Sahihi kabisa kuhusu naitrojeni. Kama kuna shaka juu ya udongo, huduma ya ugani ya Chuo Kikuu cha Minnesota inapima sampuli kwa ada ndogo, na majibu yanakwambia tindikali, fosforasi na potasiamu.

Maji baada ya kupanda: lenga sentimita 2.5 kwa wiki, mvua ikiwemo. Weka kopo la samaki karibu na mimea lipime mvua. Ingiza kidole hadi kifundo cha pili. Kukiwa na unyevu, acha. Kwenye mfinyanzi mimea mingi iliyohamishwa hufa kwa kuzama kuliko kwa kiu. Hata hivyo msiache kumwagilia kwa kuwa majani yamekauka Oktoba: vuli ikiwa kavu, endelea hadi ardhi igande.

Bi_Waridi (Leeds, Uingereza)

Huku adui wetu ni unyevu kuliko barafu. Ardhi haigandi kwa kina kama kwenu, kwa hiyo Septemba na Oktoba yote ni wakati mzuri, lakini mfinyanzi ukishalowa Novemba hauchimbiki mpaka Machi. Kwa hosta zilizogawanywa vuli, jihadharini na konokono uchi masika. Huyala machipukizi kabla hayajafunguka. Agapanthasi na penstemoni tunaziacha mpaka Aprili au Mei, maana kidonda cha mzizi kwenye udongo baridi uliolowa huoza.

Nina swali kwa wa Minnesota: matandazo mnaweka lini? Hapa tunaweka tukishapanda.

Shamba_la_Nyuma (Rochester, Minnesota)

Bi Waridi, sisi tunaweka mara mbili, na kazi zake ni tofauti.

Baada ya kupanda, sentimita 3 hadi 5 za mboji au magome yaliyosagwa, kutunza unyevu. Isiguse mashina, na kwenye matunguu ya airisi isiwepo kabisa.

Ya pili ni ya baridi, na huwekwa ardhi ikishaganda kwa juu, kwa kawaida mwishoni mwa Novemba: sentimita 10 za nyasi kavu au majani yaliyosagwa. Lengo lake ni kuifanya ardhi ibaki imeganda. Mmea uliopandwa vuli huumizwa zaidi na kuganda na kuyeyuka, kuganda na kuyeyuka, hasa Machi. Maji yaliyo udongoni yakiganda yanatanuka na kusukuma udongo juu pamoja na mmea. Yakiyeyuka udongo unarudi, mmea haurudi. Ukirudiwa mara kadhaa utaikuta shingo ya mmea imekaa juu ya ardhi, mizizi imekatika, upepo mkavu unaimalizia. Mfinyanzi ndio unaosukuma zaidi kwa sababu unashika maji mengi. Ukiweka matandazo haya mapema, Oktoba, unazuia baridi isiingie polepole na unawakaribisha panya wajenge humo.

Majani ya miti ya mepo (maple) yakiwa mazima yanalaliana na kuwa tabaka lisilopitisha hewa, basi yapitishie mashine ya kukatia nyasi kwanza. Kwa pioni, ondoa matandazo yote mapema masika mara tu ncha nyekundu zinapojitokeza. Yakiachwa ni sawa na kuzizika kwa kina kile tulichokikataza.

Ukikuta mmea umesukumwa juu, usiukanyage kwa kisigino. Udongo ukiwa umeyeyuka, tia kidole pembeni, fungua nafasi, ushushe kwa mkono, ongeza udongo ubavuni, tandika tena.

Mlima_Baridi (Limuru, Kenya)

Uzi mzuri sana. Nauliza kwa sisi wa nyumbani: kanuni hii ya Septemba inatuhusu? Nina agapanthasi zilizojazana na deilili, na kuna jamaa yangu Marekani anataka kuniletea vipande vya pioni.

Mzizi_Mrefu (Minneapolis)

Mkuu, kwako kalenda ni mvua. Agapanthasi na deilili zigawe mara mvua za masika zinaposhika, udongo ukiwa umelowa kina cha kiganja, zipate wiki nyingi za unyevu bila wewe kubeba ndoo. Agapanthasi igawe ikishamaliza kuchanua, kila kipande kiwe na vichwa 2 au 3, majani yapunguze theluthi moja, na usiipe nafasi kubwa mno. Huchanua vizuri mizizi ikibanana kiasi.

Pioni mwambie asilete. Macho yake hayaamki vizuri bila wiki kadhaa za baridi iliyo karibu na kuganda, na Limuru haina hiyo. Utapata majani dhaifu bila maua. Na kwa mmea wowote wa kutoka nje unahitaji kibali cha KEPHIS (shirika la Kenya la ukaguzi wa afya ya mimea) kabla haujasafirishwa, pamoja na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi unakotoka. Mzizi uliofichwa kwenye sanduku la nguo unaweza kuingiza ugonjwa ambao mashamba ya maua ya huko hayajauona.

Mama_Uwani (St. Paul, Minnesota)

Mungu awabariki. Airisi naanza Jumamosi hii. Nimebonyeza matunguu ya ukingoni leo na mawili yana tundu. Je, majani niliyoyakata yenye michirizi iliyolowa niyatie kwenye mboji?

Shamba_la_Nyuma (Rochester, Minnesota)

Hapana dada. Michirizi hiyo iliyolowa ni njia ya kiwavi, kutoka kwenye jani kushuka kwenye tunguu. Funga yote kwenye mfuko, pamoja na matunguu mabovu, yaende kwenye taka. Na pale ulipoyatoa, pekua udongo kina cha sentimita 5 hadi 8. Kiwavi akishakomaa hutoka kwenye tunguu na kugeuka pupa (hatua ya kabla ya kuwa nondo) wa kahawia iliyoiva udongoni, na mwezi huu wengi wako katika hali hiyo. Ukimkuta, mponde.